Radiateri ya Gari la Wakunga

Gari lenyewe halikuwa na kosa, lakini watu wa mji wa Baraka walikuwa wamelipiga mawe hata hilo. Kioo cha mbele kilikuwa na nyufa, taa moja imepasuka, na kwenye vumbi la mlango mtu alikuwa ameandika kwa kidole neno la kuwatukana Warundi. Inspekta Ketsia Asukulu, OPJ yaani afisa mpelelezi wa polisi, alilifuta kwa kiganja kabla hajafanya jambo lingine lolote. Halafu akajipangusa mkono kwenye suruali na kufungua boneti.

Lilikuwa Toyota la zamani la dizeli, mali ya Umoja wa Wakunga, na sasa lilikuwa limekokotwa hadi uani kwa polisi. Mjini kuna magari mapya zaidi, lakini hili lilikuwa na sifa yake: kiyoyozi chake, au clim kama wanavyoiita huko, kilikuwa bado kinapuliza baridi ya kweli. Dereva wake, Darius Wilondja, alijivunia clim hiyo kupita kiasi. Aliwaamrisha abiria wafunge vioo wasimwage baridi yake barabarani, na wakunga walimtania kwamba siku moja atawauzia barafu.

Utani huo ulikuwa umekwisha. Alhamisi jioni gari lilitumwa Fizi-Centre kumchukua mwanamke aliyejifungua na ambaye damu ilikuwa inakataa kukatika. Mwanamke huyo alikuwa Nadège, mke wa Darius mwenyewe, aliyekuwa amepanda kwa mama yake kumngojea mtoto wake wa kwanza. Gari likachemka kwenye mlima, kichwa cha injini kikapasuka, likafia njiani. Darius akapanda mlima uliobaki kwa miguu, mbio, gizani. Alipofika alimkuta mtoto analia na mama yake amekwisha kufunikwa.

Siku chache kabla ya hapo Umoja ulikuwa umenunua radiateri mpya ya kupoza injini, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelehemiwa hadi haina pa kulehemiwa tena. Fundi aliyeitwa kuifunga alikuwa Térence Nibizi, mkimbizi kutoka Burundi anayeishi kambi ya Lusenda. Na boneti ilipofunguliwa pale mlimani, mbele ya macho ya watu, radiateri iliyokuwa ndani ilikuwa ile ya zamani. Hesabu ikawa rahisi, na watu wenye uchungu hupenda hesabu rahisi. Mrundi amerudisha kuukuu, mpya ameila. Vijana walimpiga, polisi wakamwokoa kwa kumfungia.

Kamanda Raphaël alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Hakulitazama gari.

“Mama OPJ, jeep ya Uvira inaondoka saa nane. Ule fundi anaenda nayo.”

“Uchunguzi haiyaisha, commandant.”

“Itaishia Uvira. Bijana ba quartier balisema leo magaribi batavunja mulango ya cachot. Mi niko na bapolisi bane. Unataka ninyooshe bunduki kwa batoto ba majirani?”

Raphaël hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Ketsia, maana mtu mbaya ni rahisi kumbishia. Wote wawili walijua maana ya gereza la Uvira kwa mkimbizi. Mfungwa hula anacholetewa na ndugu zake, na Térence hakuwa na ndugu hata mmoja huko. Faili lake lingelala chini ya mafaili mengine na yeye angelala juu ya sakafu, mwaka na mwingine. Mke wake Kaneza alikuwa ameketi nje ya lango tangu alfajiri, sufuria ya chakula imefungwa kwa kitambaa mapajani, akimwuliza kila polisi anayepita kama ni kweli wanampeleka.

Ketsia akarudi kwenye injini. Alikuwa amekulia chini ya magari. Baba yake aliendesha lori na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia tochi.

Radiateri ilikuwa ya zamani kweli, hilo halikuhitaji mtaalamu. Mapezi yake yalijaa tope kavu na ubavuni kulikuwa na mabaka ya risasi ya kulehemia. Lakini mbele yake kulikuwa na ile nyingine nyembamba, radiateri ya clim, na hapo Ketsia aliinama muda mrefu. Bomba moja la clim lilikuwa linaning'inia. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitambaa. Nati yake ilikuwa na kutu kote isipokuwa kwenye kona, ambako spana ilikuwa imeuma hadi chuma kikawa cheupe. Na kwenye bampa kulikuwa na fundo la mpira wa tyubu, kipande kifupi, kingine kimekatwa kikaenda zake.

Akamwita polisi aliyelikokota gari kutoka mlimani. Polisi akaapa kwamba hakuna aliyegusa kitu. Waliinua boneti, wakaona kilichoonekana, wakaishusha.

Kachoti ya Baraka, chumba cha mahabusu, ina dirisha dogo juu, na Térence alikuwa ameketi palipokuwa na mwanga. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Ketsia alimwonyesha kile kipande cha mpira.

“Hii ilikuwa ya nini?”

“Ya kufungia ile ya clim, mama. Ukitaka kutoa radiateur, ile ya clim inakukinga kwa mbele. Tunafungua bouloni zake, tunaivuta, tunaifunga na mpira kwenye pare-choc mpaka kazi iishe. Mabomba hatugusi. Ukigusa, gaz inatoka yote, na hapa Baraka hakuna mashini ya kuirudisha.”

“Kwa hiyo bomba haukufungua.”

“Hata moja. Nilipomaliza, Darius aliwasha clim, akaweka mkono, akacheka.”

Yote yalikuwa yanaingia akilini, na Ketsia hakuyaamini kwa sababu hiyo tu. Kila fundi aliye kachoti alifanya kazi nzuri. Akamwuliza carton ya ile radiateri mpya iko wapi.

Térence alitazama ukuta. Akasema hajui, labda ilibaki uani kwa wakunga.

Hasira zilimpanda Ketsia hadi shingoni. Jana alikuwa Lusenda, ndani ya nyumba ya mtu huyu, na carton hiyo aliiona kwa macho yake, imekatwa na kutandikwa chini ya godoro la watoto ili unyevu usiwapate. Alimwambia hivyo bila kupandisha sauti. Fundi akainamisha kichwa. Alisema aliichukua bila kuomba, na baada ya kipigo aliona kwamba akikubali carton, watu watasema basi na kilichokuwa ndani yake alikichukua yeye.

“Unanidanganya juu ya carton,” Ketsia akasema, “halafu unataka nikuamini juu ya gaz. Kama uko na uongo ingine, nipe sasa.”

“Sina, mama. Nilikuwa na huo tu.”

Alitoka pale akiwa hajui ashike lipi. Mwoga na mwizi hudanganya kwa sauti moja, na yeye alikuwa na muda wa kumsikiliza mmoja tu. Alichohitaji ni mtu aliyekaa ndani ya gari lile baada ya Térence kuondoa mikono yake, mtu asiye na sababu ya kumpenda wala kumchukia yeyote.

Mtu huyo alikuwa Aline, mkunga aliyepanda na Darius Jumatano kwenda Lusenda kuwapima wajawazito, akapanda naye tena Alhamisi kwenda Fizi. Ketsia alimkuta nyuma ya nyumba ya Umoja akisafisha glavu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikwisha kuulizwa na polisi kuhusu mvuke, maji, na mshale wa kipimo cha joto, na alijibu yote kama alivyoweza, yeye asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi.

“Injini uache,” Ketsia akamwambia. “Niambie ndani, pale ulikaa. Jumatano kulikuwa aje?”

“Baridi. Nilijifunika kitenge mpaka masikio, Darius akanicheka. Eti mi sijue bintu bizuri.”

“Na Alhamisi?”

Aline akaacha glavu ndani ya maji. Alieleza kwamba Alhamisi walitokwa jasho tangu Baraka, kabla hata ya kuiona milima, vioo vyote chini, vumbi mpaka ndani ya meno. Alimwomba Darius awashe clim. Darius akasema clim inakula nguvu ya gari na leo wana haraka. Aline aliona ni haki. Mtu anayekwenda kumchukua mke wake katika hali ile hana habari na jasho la mkunga.

“Aliiwasha hata kidogo, akaizima?”

“Hata hakuigusa. Mi njo nilinyoosha mukono kwenye bouton. Akanipiga bidole. Darius hanipigake, mama OPJ. Nikanyamaza.”

Ketsia alimshukuru, akatoka hadi barabarani, akasimama juani. Jumamosi, baada ya mazishi, alikuwa ameketi na Darius, na mjane huyo wa kiume alimweleza safari yote hatua kwa hatua. Katika maelezo hayo kulikuwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyemwuliza. Alisema aliwasha clim mpaka chini ya mlima, halafu akaizima, kama madereva wote wa Baraka wanavyoizima ili injini ipande vizuri. Ketsia aliipokea bila kuitafuna, kwa kuwa ni kweli madereva hufanya hivyo. Sasa aliitafuna.

Jumatano baridi ilikuwepo, kwa hiyo Térence alipomaliza kazi yake mabomba yalikuwa mazima. Alhamisi baridi haikuwepo, na dereva alijua haipo, ndiyo sababu hakutaka hata mkono wa Aline uguse kitufe. Kati ya safari hizo mbili mtu alifungua bomba la clim. Hakuna anayefungua bomba hilo kwa kupenda. Hulifungua mtu anayetaka radiateri itoke upesi na ambaye hajazoea magari yenye clim. Na usiku wa Jumatano gari lililala kwa Darius, ufunguo mfukoni mwake, wakati Térence alikuwa kambini Lusenda.

Alimpigia simu Kamanda. Raphaël alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema gesi hutoka yenyewe, gari ni la zamani.

“Nati haijiumi yenyewe na spana,” Ketsia akajibu.

“Sikia, Ketsia. Huyu alifiwa na muke yake. Bibi yake alikufa sababu ya ile gari. Muntu gani anaiba radiateur yenye inaenda kuokoa bibi yake?”

Hilo ndilo lilikuwa tundu la kesi yake, na lilikuwa kubwa. Alimwomba tu asiruhusu jeep itoke kabla ya saa yake. Kamanda akasema atajaribu, kwa sauti ya mtu ambaye hatajaribu sana.

Kilio cha Nadège kilikuwa nyumbani kwa Darius, upande wa ziwani. Turubai lilikuwa limetandazwa uani, wanaume kwenye mabenchi kuuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Mahali kama hapa polisi hawaji kikazi. Mfiwa hatolewi kwenye kilio chake kabla siku hazijaisha. Mwenye kesi naye hungoja, na hata mkuu wa wilaya angengoja. Ketsia alilijua hilo tangu utoto. Aliacha bastola ofisini, akaficha bereti mfukoni, akajifunga kitenge juu ya suruali, akavua viatu mlangoni. Alimpa pole Mama Immaculée, mama wa Nadège, aliyekuwa ameketi na kichanga mapajani. Immaculée alimshika mkono.

Alipotoka ndani alisimama kidogo kando ya ua, kwa sababu mbele ya ua kulikuwa na Toyota nyingine ya aina ileile, iliyochoka zaidi. Ilikuwa teksi ya Guy, rafiki wa Darius tangu shule ya msingi. Gari hilo lilijulikana mji mzima kwa kuvuja. Guy husafiri na madumu mengi ya maji nyuma kuliko abiria, na ukitaka kujua kama alipita mahali unatazama chini utafute dimbwi. Leo lilikuwa limebeba viti vya kilio tangu asubuhi. Chini yake vumbi lilikuwa kavu kabisa. Ketsia alichungulia nyuma, hakuona dumu hata moja.

Alirudi chini ya turubai, akaketi karibu na Darius. Dereva alikuwa amekonda kwa siku chache, ndevu zimemtoka, macho makavu.

“Darius, pole tena. Nisamehe, iko neno moja. Alhamisi uliwasha clim?”

“Nilikuambia. Mpaka chini ya mulima.”

“Aline anasema kulikuwa joto toka Baraka.”

“Aline alikuwa na woga. Muntu wa woga anasikiaka joto.”

Lilikuwa jibu zuri, na alilitoa bila kumtazama. Ketsia akasogea karibu zaidi, akashusha sauti hadi ikawa yao wawili tu.

“Bomba ya clim iko wazi. Balitia kitambaa ndani. Ile baridi ilipitia wapi?”

Mkono wa Darius ulianza kukwaruza goti, polepole, sehemu moja. Simu ya Ketsia ikatetema. Ilikuwa Kamanda: vijana wameanza kujaa langoni mapema, hawezi kungoja saa nane, anawasha jeep sasa. Ketsia alimwambia angojee. Kamanda akasema hangojei, akakata.

“Banamutosha Térence, banamupeleka sasa hivi,” akamwambia Darius. “Akifika Uvira, mi sina nguvu ya kumurudisha. Bibi yake iko kwenye lango na sufuria. Kama uko na neno, njo saa yake.”

Darius aliendelea kukwaruza goti. Ketsia akasimama. Alijua kwamba anachotaka kufanya hakifanywi kilioni, na kwamba kama amekosea, asingeweza tena kutembea Baraka kichwa juu. Akamgeukia Guy, aliyekuwa ameegemea mlingoti wa turubai.

“Guy, tafadhali. Fungua capot ya gari yako.”

Guy hakutazama gari lake. Alimtazama Darius. Wanaume wote waliokuwa kwenye mabenchi waliona jinsi alivyomtazama, na mazungumzo yakakatika moja baada ya jingine. Kisha Guy akaenda, akafungua, akasimama kando kwa mikono mitupu.

Radiateri ilikuwa inang'aa. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa juu yake. Mbele yake hakukuwa na kitu kingine, kwani teksi ya Guy haikuwahi kuwa na clim, na Ketsia akaelewa hata lile bomba. Watu hawa wawili walikuwa wamezoea gari ambalo radiateri unaivuta tu ikatoka. Kwenye gari la wakunga walikuta kizuizi, usiku, kwa haraka, wakakata mpira wa fundi na kufungua kilichowazuia.

“Si Guy,” Darius akasema kutoka kwenye benchi. “Guy aliikataa. Mi njo nilimulazimisha.”

Akaeleza mbele ya watu wote. Umoja wa Wakunga haukuruhusu dereva abebe jamaa zake kwenye gari, isipokuwa mgonjwa aitiwe gari kama mgonjwa mwingine yeyote. Nadège alikuwa Fizi na siku zake zilikuwa karibu. Darius alikuwa amewaona wanawake wengi mno wakishushwa kwa kuchelewa. Alitaka mke wake awe Baraka, karibu na hospitali kubwa, kabla uchungu haujaanza. Guy alikuwa na safari ya Misisi, na wakati wa kurudi angepita Fizi. Lakini Guy alisema radiateri yake inavuja, na mjamzito hatampakia kwenye milima ile akaja kulala naye porini.

Basi walifanya wanavyofanya madereva wa Baraka siku zote. Mwenye gurudumu humwazima asiye nalo, mwenye betri hivyohivyo, kwa safari moja, kisha kitu kinarudi mahali pake na mwenye gari hajui wala hadhuriki. Hakuna dereva anayeita jambo hilo wizi. Radiateri mpya ilikwenda kwa Guy, ile ya zamani ikarudi kwenye gari la wakunga, ambalo wiki hiyo lilikuwa na safari za tambarare tu. Guy akirudi na Nadège, wangebadilisha tena. Mtoto akaja mapema. Alhamisi jioni simu ililia, na Darius alijua kilichomo ndani ya gari analowasha.

“Na ukapanda nayo,” Ketsia akasema.

“Ningefanya nini? Gari ingine haikukuwako. Nilijaza maji, nilibeba ma bidon. Nilisema nitapanda polepole, itafika.” Darius akameza mate. “Halafu infirmière mwenye alikuwa anamuuguza kule akaniita kwa simu. Akasema Nadège iko anaita jina yangu. Nikakanyaga.”

Ketsia alitaka kumwacha hapo, kwa kweli alitaka, lakini jeep ilikuwa imewashwa upande wa pili wa mji.

“Na Térence?”

“Batu balisema ni yeye kabla nifungue kinywa. Nikanyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili ilikuwa nguvu zaidi kusema.”

Mama Immaculée alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Kichanga kilikuwa kimelala begani kwake, na nyuma yake wanawake walikuwa wameacha mikeka. Aliitazama teksi ya Guy, boneti juu, kisha akamtazama mkwewe.

“Guy alifika kwangu Ijumaa,” akasema. “Alikuta tulishamuosha. Ile gari njo ilimushusha mwanangu mpaka huku. Milima yote. Haikuchemka.”

Darius akafunika uso kwa mikono. Mzee mmoja wa ukoo akainuka haraka, akasema maneno haya yaachwe mpaka kilio kiishe, mfiwa ni mfiwa, na polisi arudi siku nyingine. Wanaume kadhaa wakaitikia. Ketsia aliona njia inafungwa mbele yake, naye peke yake hangeweza kuifungua. Immaculée akamkatiza mzee bila kupandisha sauti.

“Kilio ni ya mwanangu. Mi njo ninamuruhusu.” Akamgeukia Darius. “Inuka. Enda kwa polisi ukamutoshe mutoto wa benyewe. Huyu nitabakia naye.”

Guy ndiye aliyewaendesha. Darius alikaa nyuma, paji la uso kwenye kioo. Walipofika langoni jeep ilikuwa imekwisha kutoa pua nje. Vijana walikuwa wameizingira, mawe mikononi, na Kaneza alikuwa ameshikilia ubao wa nyuma kwa mikono miwili huku polisi mmoja akijaribu kumbandua vidole. Sufuria ilikuwa imemwagika. Térence alikuwa juu, amefungwa kamba, ameinamisha kichwa kati ya magoti.

Vijana walimwona Darius, wakampisha. Walidhani amekuja kumwona adui yake akiondoka. Mmoja wao alimwekea jiwe mkononi kwa heshima, na Darius akaliacha lianguke.

Alipanda kwenye ngazi ya jeep. Alisema kwa maneno machache kwamba fundi alifanya kazi yake, kwamba radiateri mpya aliitoa yeye, na kwamba mke wake alikufa kwa mkono wake yeye na si wa mtu mwingine. Sauti ilimkatika mara moja, akairudia sentensi hiyo tangu mwanzo ili isikike. Ketsia alikuwa ameona makundi mengi katika kazi yake, na hakuwahi kuona kundi likitawanyika vile, kila mtu akitafuta mahali pa kuweka jiwe lake bila kuonekana. Kamanda Raphaël alizima jeep mwenyewe. Kisha akapanda nyuma, akaanza kufungua kamba.

Térence alishuka akijishika ubao. Mikono yake ilikuwa imevimba mahali kamba ilipokaa. Kaneza alimkumbatia kiunoni, lakini yeye alikuwa anamtazama Darius, na waliobaki walisogea nyuma kidogo, maana ilikuwa haki yake kama angempiga. Ketsia naye hakusogea kuzuia. Térence alimwendea, akauchukua mkono wa Darius ndani ya mikono yake yote miwili, kama mtu anavyofanya anapoingia kilioni.

“Pole ya bibi, ndugu yangu,” akasema. “Sikuweza kufika kwenye kilio.”

Kisha akamshika kwapani, akamsaidia kuketi kwenye ngazi ya jeep. Walikaa hivyo, mmoja akilia, mwingine akimshikilia, mpaka Kamanda alipomwambia Ketsia kwa sauti ya chini kwamba sasa ni lazima Darius aingie kachoti. Ketsia akasema anajua, lakini wangoje kidogo.